Tarishi Mpya wa Ofisi Akae Wapi?

Katika ofisi zetu za zamani palikuwa na mtu mmoja ambaye aghalabu hakutambulikana umuhimu wake mpaka siku asipofika kazini. Mtu huyo ni tarishi. Alikuwa na baiskeli yake, mkoba wa turubai na daftari la kutilia saini. Barua ikitoka kwa Katibu Mkuu kwenda kwa Mkuu wa Wilaya, yeye ndiye aliyeichukua, wala hakuiachia mpaka mpokeaji ameweka saini yake katika daftari lile. Barua ikipotea, daftari lilieleza imepotelea mikononi mwa nani. Kwa hivyo tarishi hakuwa mchukuzi wa karatasi tu, bali alikuwa pia ni shahidi.

Leo baiskeli ile imeegeshwa, na mahali pake pameshikwa na programu za kompyuta za kupelekeana ujumbe. Afisa aliyeko Vuga humwandikia mwenziwe aliyeko Chake Chake, na kabla hajanyanyuka kitini jawabu limeshafika. Hapana shaka hii ni neema. Mambo yaliyokuwa yakingojea meli ya kesho sasa humalizika kabla ya adhuhuri.

Suala ambalo safu hii inataka kulizungumza leo si kama tumkubali tarishi huyu mpya au tumkatae. Ameshaingia, wala hapana ofisi itakayorudi kwenye baiskeli. Suala ni kwamba anapoingizwa katika ofisi yenye kompyuta hamsini au mia mbili, aingizwe kwa njia gani, ufunguo wake ashike nani, na barua anazozichukua zilale wapi. Wakubwa wengi wa kazi hulidhani jambo hili kuwa ni la mafundi peke yao, wakatia saini karatasi ya manunuzi na kuendelea na mengine. Hilo ni kosa, na wanaoligharimia kosa hilo mara nyingi si wao.

Maji ya Siku Kumi na Mbili

Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo iliyotumwa kusikiliza malalamiko ya wananchi wa kijiji kimoja cha Pemba. Mashine ya kusukumia maji ya kijiji hicho iliharibika, na kwa muda wa siku kumi na mbili wanawake na watoto walirudi kuteka katika kisima cha maji ya chumvi walichokwisha kukihama zamani. Wananchi walisema Serikali imewapuuza. Ofisi iliyohusika, ambayo sitaitaja, ilijibu kwamba haikupata taarifa yoyote. Sheha, mzee mwenye heshima zake, alitoa simu mfukoni akatuonesha. Taarifa aliipeleka siku ile ile mashine iliposimama. Akaipeleka tena siku ya tatu. Siku ya tano aliipeleka pamoja na picha ya mashine yenyewe.

"Tizameni kwa macho yenu, wanangu," alituambia. "Mimi nimeandika. Kama barua zangu zimeliwa na papa, basi nionesheni papa huyo."

Papa huyo tulimwona. Taarifa zote za mashine za maji zilikuwa zikipelekwa katika kundi la ujumbe lililoanzishwa na afisa mmoja kwa simu yake mwenyewe. Afisa yule alikwenda masomoni nchi za nje, akaiacha namba yake. Aliyekuja kushika nafasi yake hakuingizwa katika kundi, kwa sababu hapana aliyemwambia kuwa kundi lipo. Waliobaki humo walikuwa masheha watupu, kila mmoja akisoma tatizo la mwenziwe asiweze kumsaidia. Katika kisa kizima kile hatukumpata hata mtu mmoja aliyesema uongo. Sheha alipeleka kweli, na ofisi haikupokea kweli. Kilichokosekana ni daftari la saini.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza mafundi na wakubwa wa ofisi maswali ambayo huenda wakaona hayalingani na mtu wa siasa. Haya ninayoyaeleza hapa ni matunda ya maswali hayo.

Milango Mitatu

Kupelekeana ujumbe kwa kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1988 kijana wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, aitwaye Jarkko Oikarinen, alitengeneza mfumo wa IRC wa watu wengi kuzungumza kwa maandishi kwa wakati mmoja. Mwaka 1999 ukaja mfumo wa Jabber, ambao msingi wake ulikuwa kwamba kila taasisi iweze kuwa na seva yake, na seva hizo zizungumze baina yao. Slack ilitangazwa mwaka 2013, na Microsoft Teams ikaanza kutumika rasmi Machi 2017. Hizi mbili za mwisho ndizo zilizoeneza makazini desturi ya kupanga mazungumzo kwa kazi na kwa idara badala ya kupelekeana barua pepe kwa mafungu.

Sasa, programu ya namna hii inaweza kuingia katika kompyuta za ofisi kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kumwachia kila mfanyakazi aipakue mwenyewe, naye aiweke katika sehemu yake binafsi ya kompyuta, ile inayofunguka kwa jina lake na neno lake la siri. Njia hii haihitaji fundi wala ruhusa, na programu iliyowekwa hivyo kwa kawaida hujisasisha yenyewe toleo jipya linapotoka. Kwa afisa mwenye kompyuta ya mkononi ambayo ni yeye tu anayeitumia, mlango huu hauna ubaya mkubwa.

Lakini ofisi zetu nyingi hazina kompyuta ya mtu mmoja. Kompyuta ya mapokezi ya hospitali hutumiwa kwa zamu, ya skuli hutumiwa na walimu wote, na ya masijala hukaliwa na yeyote aliyeko. Watu saba wakiingia katika kompyuta moja kwa mlango huu, programu huwekwa mara saba, na kila nakala huchukua mamia ya megabaiti ya nafasi. Kila nakala hujitafutia matoleo yake mapya kupitia waya ule ule mwembamba wa intaneti. Na mfanyakazi mmoja akihamishwa, nakala yake hubaki pale pale ikiwa imezeeka, hapana mtu wa kuifungua wala wa kuisasisha, na kasoro zake za usalama zikiwa wazi kama dirisha la nyumba isiyo na mtu.

Mlango wa pili ni fundi mwenye mamlaka kuiweka programu mara moja kwa kompyuta nzima, katika sehemu ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa. Yeyote atakayeingia ataikuta, na wote watatumia nakala moja. Pale ambapo kompyuta za ofisi zimeunganishwa na seva ya kuziongoza, kama vile kwa mfumo wa Active Directory wa Microsoft, fundi anaweza kuiweka katika kompyuta mia mbili pasi na kunyanyuka mezani kwake, na akaiondoa vivyo hivyo. Gharama ya njia hii ni kuwa mara nyingi programu iliyowekwa hivyo haijisasishi. Kazi hiyo humwangukia fundi, na fundi akilala, kompyuta zote mia mbili zimelala pamoja naye.

Mlango wa tatu ni kutoiweka kabisa, bali kuifungua ndani ya kivinjari, kama mtu anavyofungua ukurasa wowote wa intaneti. Njia hii inafaa kwa kompyuta kongwe na kwa mgeni wa wiki moja. Upungufu wake ni kwamba ukikifunga kivinjari huambiwi kuwa ujumbe umekuja, na baadhi ya mambo ya kuzungumza kwa sauti na picha hayapatikani kwa ukamilifu. Aidha mtumiaji wa kompyuta ya pamoja lazima akumbuke kutoka kila anapomaliza, la sivyo atakayekaa baada yake atasoma barua zake.

Msomaji asidhani kuwa wakubwa wa kazi hii duniani walilijua jawabu tangu mwanzo. Teams ya awali ilikuwa inajiweka katika sehemu binafsi ya kila mtumiaji. Ofisi zilipotaka kuiweka kwa kompyuta nzima, Microsoft ilitoa kiwekaji ambacho kwa hakika hakikuweka programu yenyewe mahali pamoja. Kiliweka mbegu tu, na kila mtu alipoingia, mbegu ile ilimzalia nakala yake. Kwa hivyo fundi aliyetaka kuiondoa alilazimika kuiondoa kwa kila mtumiaji, kisha aing'oe na mbegu. Mwaka 2023 Microsoft ilileta Teams mpya iliyofungwa kwa namna nyingine, ambayo mafaili yake hukaa mahali pamoja kwa kompyuta nzima, na Machi mwaka huo ilitangaza kuwa toleo hilo lina kasi mara mbili na linatumia nusu ya kumbukumbu iliyokuwa ikitumiwa na lile la zamani. Msaada kwa toleo la zamani ulikoma Julai 2024. Miaka sita ilipita baina ya kuingia kwa programu na kurekebishwa kwa jambo ambalo mafundi wa maofisi walilalamikia tangu mapema.

Faida ya kisa hiki kwetu ni moja. Ofisi inayonunua isitosheke na neno la muuzaji kwamba programu "inawekwa kwa kompyuta zote". Iulize: inawekwa wapi, mara ngapi, na siku ya kuiondoa itatoka yote au itabakia mizizi?

Hatari ya Kusasisha na Hatari ya Kutosasisha

Hapa pana mtihani ambao haupati jawabu jepesi. Mtu akisikia kuwa programu isiyosasishwa ni hatari, atasema basi zote zijisasishe zenyewe, tena papo hapo. Dunia imeshatufunza kuwa hilo nalo lina msiba wake.

Machi 2023 iligunduliwa kuwa programu ya mawasiliano ya ofisini ya kampuni ya 3CX, inayotumiwa kwa simu na ujumbe, ilikuwa imetiwa sumu na wadukuzi kabla ya kutoka kiwandani. Wateja waliipokea kwa njia halali, kutoka kwa kampuni yenyewe, ikiwa na muhuri wa kampuni yenyewe. Aliyejisasisha haraka ndiye aliyekaribisha mwizi haraka. Kisha tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilipeleka sasisho lenye kasoro kwa wateja wake wote kwa mara moja. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta kiasi cha milioni 8.5 zilianguka. Ndege hazikuruka, mahospitali yaliahirisha matibabu, na mafundi wakalazimika kuziendea kompyuta moja moja kuziinua. Hapo hapakuwa na mwizi, palikuwa na haraka tu.

Kwa hivyo njia ya busara iko kati kwa kati, nayo haihitaji fedha nyingi bali inahitaji utaratibu. Toleo jipya liwekwe kwanza katika kompyuta chache za mafundi wenyewe. Likitulia siku mbili tatu, lipelekwe kwa idara moja. Likitulia tena, liende kwa wote. Sasisho la dharura la kuziba tundu la usalama liharakishwe, lakini hata hilo lipite kwanza katika kompyuta za majaribio. Pia iwepo orodha iliyoandikwa ya kompyuta zote na toleo lililomo katika kila moja, kwani usiyemjua huwezi kumtibu.

Niliwahi kufika katika ofisi moja asubuhi ya Jumatatu, nikakuta watu wamekaa mikono mapajani. Kompyuta zote zilikuwa zinapakua toleo jipya kwa wakati mmoja, kila mtumiaji na nakala yake, na intaneti ya jengo zima ilikuwa imezibana. Wananchi waliokuja kulipa ada walirudishwa makwao, na mmoja wao alikuwa ametoka Nungwi kwa gari la abiria. Fundi, kijana mwerevu aliyeachwa peke yake na mzigo wa watu watatu, alinieleza kwamba upo utaratibu wa kompyuta moja kupakua kisha nyingine zikachukua kwake ndani ya jengo bila ya kutoka nje, ila hajapewa nafasi ya kuupanga. Nikafahamu kuwa kuna gharama ambazo haziandikwi katika makisio ya bajeti, nazo hulipwa na mwananchi kwa nauli yake.

Barua Zilale Wapi?

Tulipokuwa wadogo chuoni tuliandika katika ubao, tukasoma, kisha tukauosha ili tuandike somo la kesho. Ubao ule ulitosha kwa sababu somo lilihamia kifuani. Lakini hukumu ya kadhi haikuandikwa katika ubao wala hati ya shamba, kwa sababu vitu hivyo ni amana ya watu ambao hata hawajazaliwa. Tofauti hii waliijua wazee wetu, na kwetu sisi imekuwa inataka kupotea.

Mtu akienda leo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani ataweza kusoma barua za karne ya 19, za Kiarabu na za Kiingereza, walizoandikiana watawala wa visiwa hivi na mabalozi wa kigeni. Karatasi imegeuka rangi, lakini neno lipo. Sasa tazama upande wa pili. Kuanzia Septemba 2022, ofisi inayotumia Slack bila ya malipo inaoneshwa ujumbe wa siku 90 tu zilizopita, na tangu Agosti 2024 kampuni hiyo imeanza kufuta kabisa ujumbe wa watumiaji hao uliopindukia mwaka mmoja. Kampuni haikuvunja ahadi yoyote, kwani mwenye nyumba ana haki ya kuweka sharti lake. Swali ni kwa nini mpangaji amehifadhi hati zake katika nyumba ya bure.

Wala kulipa peke yake si kinga. HipChat ilikuwa na wateja wengi makazini, nayo ilifungwa Februari 2019 baada ya wenyewe kuelewana na Slack. Skype, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, ilifungwa Mei 2025. Programu hufa kama zinavyokufa kampuni. Kwa sababu hiyo sharti la kwanza la mkataba wowote liwe kwamba ofisi itaweza kuzitoa barua zake zote, katika muundo unaosomeka, siku yoyote itakapotaka.

Hapa huzuka hoja ya kuwa na seva yetu wenyewe. Programu za namna hiyo zipo, kama Mattermost na Rocket.Chat, pamoja na zile zinazotumia itifaki ya Matrix. Serikali ya Ufaransa ilifuata njia hiyo. Aprili 2019 ilizindua Tchap, programu ya ujumbe ya watumishi wa umma iliyojengwa juu ya Matrix, na mwaka 2025 waraka wa Waziri Mkuu ukaelekeza mawaziri na watumishi waitumie badala ya programu za kigeni. Katika siku zake za kwanza mtaalamu mmoja wa usalama alidhihirisha kuwa mtu asiye mtumishi anaweza kujiandikisha kwa hila ya anwani ya barua pepe. Wahusika waliliziba tundu lile, wakaendelea.

Ni mfano mzuri, lakini tusiuchukue bila ya kuupima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi yetu ikazorota vibaya. Ofisi ambayo ujumbe wake wote hupita seva za ng'ambo haikuweza kuzungumza hata na chumba cha pili. Seva iliyoko hapa hapa ingeliendelea kufanya kazi. Lakini seva iliyoko hapa inategemea umeme wa hapa, na watu wa Unguja hawajasahau Mei 2008, umeme ulipokosekana kwa takriban mwezi mzima, wala Disemba 2009 ulipokatika tena kwa takriban miezi mitatu. Seva ya nyumbani inataka jenereta, nakala ya akiba iliyowekwa jengo jingine, na wataalamu wanaopokezana usiku na mchana. Asiyeweza kuyatimiza haya atakuwa amehamisha amana kutoka nyumba ya jirani kuipeleka katika kibanda kisicho na paa. Kwa taasisi ndogo, lililo bora ni kukaa chini ya seva moja ya pamoja inayosimamiwa na mamlaka ya serikali mtandao, kuliko kila idara kujijengea yake.

Simu ya Mfukoni

Najua atakuwepo msomaji atakayesema: kwa nini tujisumbue kote huko, na hali kila mtu ana WhatsApp katika simu yake, bure, na hata bibi wa shamba anaijua? Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Mvuvi wa Kizimkazi hatoweka programu ya wizara ili aripoti nyavu haramu, na sheha ataandika kwa njia anayoijua. Mlango wa wananchi lazima ubaki pale wananchi walipo.

Lakini mlango wa kupokelea ni jambo moja, na chumba cha kuamulia ni jambo jingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp na ndugu zake Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita kwa sababu ya kosa la mafundi wao wenyewe. Na Machi 2025 ulimwengu ulishuhudia jambo zito zaidi. Viongozi wakubwa wa Marekani walikuwa wakijadili mashambulizi ya Yemen katika kundi la programu ya Signal, na kwa makosa akaingizwa humo mwandishi wa habari, Jeffrey Goldberg wa jarida la The Atlantic. Aliyasoma yote. Isitoshe, baadhi ya ujumbe ule uliwekwa ujifute wenyewe baada ya muda. Programu yenyewe haikuvunjwa na mtu, na ufundi wake wa kuficha maneno ni miongoni mwa ulio bora. Kasoro ilikuwa kwamba kazi ya dola ilifanywa mahali ambapo hapana msimamizi wa kuhakikisha nani yumo na nani hayumo, wala wa kuweka kumbukumbu. Ikiwa hayo yaliwafika wenye nguvu zote zile, ofisi zetu zina sababu gani ya kujiona salama?

Tena lipo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo lililokusudiwa na azilinde. Jina la mgonjwa na maradhi yake yakipelekwa katika kundi la simu binafsi za wauguzi, hospitali haiwezi kusema iko wapi nakala ya taarifa ile, wala nani anayo baada ya muuguzi kuacha kazi.

Yanayotupasa

Kutokana na haya, ninapendekeza mambo matano kwa ofisi zinazojiandaa kununua, na kwa zile zilizokwisha kununua bila ya kujiandaa.

Kwanza, kompyuta zinazotumiwa na watu zaidi ya mmoja ziwekewe programu kwa mlango wa pili, yaani na fundi kwa kompyuta nzima. Mlango wa kwanza ubaki kwa kompyuta za mkononi za mtu mmoja, tena kwa ruhusa. Mlango wa tatu ubaki kwa wageni na kwa kompyuta kongwe, na hizi si chache, maana Windows 10 iliondolewa msaada wake wa kawaida Oktoba 2025 na bado imo katika meza nyingi.

Pili, usasishaji uwe na ratiba, uanzie kwa wachache na kuishia kwa wote, na fundi anayeusimamia awe na msaidizi. Ofisi yenye fundi mmoja haina fundi siku anayougua.

Tatu, kila kundi la ujumbe wa kazi liwe mali ya cheo, lisiwe mali ya mtu. Likabidhiwe kwa maandishi pamoja na funguo za ofisi na majalada wakati afisa anapohama, na siku hiyo hiyo jina lake liondolewe na la mrithi wake litiwe. Kisa cha maji ya Pemba kingeliepukwa kwa jambo hili moja tu, ambalo halina gharama ya hata shilingi.

Nne, ujumbe usichukuliwe kuwa ndio uamuzi. Mazungumzo yaende kwa kasi yake, lakini likishaamuliwa jambo la fedha, la ardhi, la ajira au la haki ya mtu, uamuzi uandikwe katika jalada. Na taarifa ya mwananchi iliyoingia kwa simu ya mtumishi inakiliwe katika rejista ya ofisi siku ile ile, ipewe namba, na mwananchi aambiwe namba yake.

Tano, mkataba wowote ueleze barua zitahifadhiwa nchi gani, kwa miaka mingapi, na zitatolewa vipi programu ikifa au mkataba ukivunjika. Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hili kabla ya kulipwa hatolijibu baada ya kulipwa.

Wapo watakaoona kuwa haya ni kurudisha urasimu katika chombo kilichokuja kuuondoa. Sikubaliani nao. Urasimu ni kumzungusha mwananchi meza tano kwa saini moja. Kuweza kumwambia taarifa yake imefika lini na iko kwa nani ni haki yake, na tarishi mwenye baiskeli alimpa haki hiyo kwa daftari la kurasa mia moja. Chombo kipya chenye uwezo mara elfu hakiwezi kukubaliwa kimpe pungufu ya hapo.

Yule sheha wa Pemba tulipomwaga alitusindikiza mpaka barabarani. Mashine ilikuwa imeshatengenezwa na maji yanatoka. Alituomba kitu kimoja tu, nacho hakikuwa simu mpya wala posho. Alisema: "Safari nyengine nikiandika, basi nipatiwe japo neno moja, kwamba imefika." Wenye mamlaka ya kuchagua programu, kuiweka na kuisimamia, wakianza hesabu zao kutoka katika ombi hilo la mzee, mengi katika haya niliyoyaandika wataweza kuyafikia wenyewe.